Mstari Mmoja Ulionikaba Koo Brisbane

Shairi lenyewe linaitwa We Are Going. Maneno matatu. Mpe mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza pale Tanga, atakufasiria huku anamenya chungwa: "Tunakwenda." Mimi nilikaa nalo miaka miwili, nikilipiwa ada na posho juu, na nikarudi nyumbani roho haijatulia.

Nilifika Brisbane Julai 2022. Kabla ya hapo nilikuwa nafundisha fasihi sekondari, Kiingereza asubuhi, Kiswahili mchana. Nilipopata ufadhili wa shahada ya uzamili nilijaza kwenye pendekezo la utafiti kila neno kubwa nililowahi kulisikia, nikasema nitachambua ushairi wa Australia wa leo "kwa ujumla wake". Msimamizi wangu, mama mmoja mtaratibu wa kuongea, alizisoma zile kurasa kumi na mbili, akanimiminia chai, akasema: "Haya yote yana wakati wake. Chagua shairi moja ulifasiri kwa lugha yako. Pale litakapokushinda ndipo tasnifu yako inapoanzia."

Nikaona ananidharau. Nimevuka Bahari ya Hindi kuja kufanya zoezi la tafsiri? Nikachagua fupi makusudi, nilimalize mwezi huohuo nirudi kwenye nadharia zangu.

Aliyelitunga ni Oodgeroo Noonuccal, mzaliwa wa 1920 katika kisiwa cha Minjerribah, mbele ya ghuba ya Brisbane. Utotoni alichapwa shuleni kwa kuandika kwa mkono wa kushoto. Alipofika miaka 13 akaacha shule, akaenda kuwa hausigeli kwa Wazungu. Kitabu chake cha kwanza, kilichobeba jina la shairi hili, kilitoka 1964 na ndicho cha kwanza cha mashairi ya Mwaborijini, yaani mwenyeji asilia wa Australia, kuchapishwa. Wakati huo akiitwa Kath Walker. Jina la Oodgeroo alilichukua 1988, Australia ilipokuwa inasherehekea miaka 200 tangu Waingereza watie nanga, na maana yake ni mti ambao gamba lake hubanduka tabaka kwa tabaka kama karatasi. Mwandishi kujiita mti wa karatasi! Hapo tu nilipaswa kujua kwamba mama huyu hakuweka neno ovyo.

Mambo ya shairi ni haya. Kikundi cha watu wachache, nusu uchi, kimya, kinaingia katika mji mdogo. Ndio waliobaki wa kabila lao. Wanakuja pale palipokuwa na uwanja wao wa zamani wa jando, ambapo sasa Wazungu wanakimbizana kama siafu, na dalali wa viwanja ametundika bango la kuruhusu watu kutupa taka. Taka zimeshafunika nusu ya duara la uwanja.

Bango lile lilinikamata kabla ya kitu kingine chochote. Kwetu mabango ya ukutani yanakataza: usitupe taka hapa, usikojoe hapa, faini elfu hamsini. Hili linakaribisha. Nikaandika "Ruksa Kutupa Taka Hapa" na mkono ukasita, maana kwa msomaji wa Dar au Tanga litasomeka kama kichekesho. Kisha nikakumbuka bango jingine tunalolijua sote, lile la rangi nyekundu kwenye kuta za nyumba za urithi: "Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Nilipomweleza msimamizi wangu maana yake alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanyamaza, akasema kwamba fasihi yote ya Waaborijini anayoifundisha kwa miaka ishirini ingeweza kuandikwa kwenye ukuta mmoja kwa maneno hayo.

Neno lililofuata ndilo lililonipa usingizi wa mang'amung'amu. Uwanja ule wa jando kwenye shairi unaitwa bora. Ni neno la lugha za wenyeji wa mashariki ya Australia, na Kiingereza cha huko kimelibeba lilivyo. Sasa liache lilivyo katika Kiswahili uone: "duara la bora limekwisha." Msomaji gani atajua? Atadhani ni kiwanja kilichoshinda tuzo. Nikaweka "jando". Safi, nikajipongeza, Kiswahili kina jando na unyago, Waingereza hawana. Lakini jando kwetu halitoki kichwani bila ngariba na wembe, na sherehe zile za bora hazikuwa na sura moja kila mahali. Ngoma yao, ile corroboree, ilinirahisishia kidogo, kwa sababu "ngoma" kwetu ni chombo, ni mchezo, ni ibada na ni mkusanyiko wenyewe kwa pamoja. Hapo Kiswahili kilinipa zaidi ya nilichoomba.

Basi nikafika kwenye "sisi".

Shairi linaanza kwa "wao". Wao wanakuja, wao wanakaa, wao hawawezi kuyasema yaliyomo mioyoni. Halafu bila hodi sauti inageuka kuwa "sisi": sisi ni wageni hapa sasa, lakini wageni hasa ni kabila jeupe, sisi ndio ngoma, sisi ndio uwanja wa jando. Linaendelea hivyo mpaka mwisho: vyote vimekwenda, na sisi tunakwenda. Sasa "sisi" hiyo, mimi msomaji nimo? Mzungu wa Brisbane anayelisoma kwa sauti darasani, yumo? Lugha nyingi za wenyeji wa Australia zinakuhukumu papo hapo. Kiwarlpiri, lugha ya katikati ya bara, kina ngalipa, sisi pamoja na wewe ninayesema nawe, na kina nganimpa, sisi bila wewe. Si lugha ya Minjerribah, lakini nilipoliona jambo hilo katika kitabu cha sarufi niliona wivu. Kiswahili kina "sisi" moja, kama jamvi la msibani: anakaa mfiwa, anakaa na aliyefuata pilau. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye rasimu ya sura ya kwanza, kwa uhakika wote.

Kuhusu uhakika nina kisa, na kosa ni langu peke yangu. Nilipewa dakika ishirini kuwasilisha kazi kwenye semina. Nikataka kuonyesha hali ya miaka ya sitini, nikachota picha ya gazeti la zamani, maandamano ya kudai haki, nikaitupa ukutani kwa projekta. Mbele alikuwa amekaa mama mmoja mzee, mwenyeji wa pande zile, amealikwa kama mshauri. Huko wazee wa Kiaborijini huitwa Aunty na Uncle na kila mtu, hata na profesa mwenye mvi, na mimi tangu siku ya kwanza nilimwita Shangazi kichwani mwangu. Shangazi aliitazama picha, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakubamiza mlango. Alitoka tu.

Vitabu na vipindi vya televisheni huko hutanguliwa na onyo: wenyeji asilia wajue kwamba humu mna majina, sauti au picha za watu waliofariki. Katika jamii zao nyingi aliyekufa hatajwi ovyo wala kuonyeshwa ovyo. Onyo hilo nilikuwa nimeliona mara mia, na nililichukulia kama lile la kwenye pakiti ya sigara.

Nilimkuta kwenye benchi kando ya mto, anakunywa chai ya chupa. Nikasimama mbali kidogo, nikaomba radhi kwa Kiingereza changu cha mitihani. Akaniuliza kwetu mtu akifa jina lake hutajwaje. Nikasema hatulitaji kavu, lazima litanguliwe na "marehemu". "Kwa hiyo ulikuwa unajua," akasema. "Uliliacha nyumbani tu." Akasogeza mkoba nikae.

Tangu siku ile tukawa tunakutana kila baada ya wiki mbili tatu. Yeye ndiye aliyenituma nikasome waandishi wa sasa badala ya kumganda marehemu mmoja. Nikasoma Dropbear ya Evelyn Araluen, iliyopata Stella Prize ya 2022, mwaka wa kwanza tuzo hiyo kufungulia mlango ushairi. Jina la kitabu lilinichoma, maana nilikuwa nimeshapigwa utani wa huyo mnyama. Wiki yangu ya tatu vijana wa hosteli walinipeleka kupiga kambi, wakaniambia kuna dubu anayedondoka mtini na kung'ata shingo, na dawa yake ni kujipaka Vegemite nyuma ya masikio. Nilijipaka. Vegemite ni uji mweusi wa hamira, chumvi tupu, na harufu yake haikutoka kwenye foronya kwa siku nyingi. Mnyama huyo hayupo, ametungwa kwa ajili ya wageni. Araluen anaugeuza utani huo uwatazame wenyewe: wale wapenzi wa vitabu vya watoto vyenye majani na wanyama wazuri wa porini, ambamo kila kiumbe cha Australia kina nafasi isipokuwa mwenye pori.

Nikasoma pia riwaya ya Tara June Winch, The Yield, ya 2019. Ndani yake babu mmoja anaandika kamusi ya Kiwiradjuri, lugha ya watu wake, kabla hajafa, na anaianza kutoka mwisho wa alfabeti kurudi nyuma. Neno la jina la kitabu, kwa Kiingereza, ni kile unachokivuna kutoka ardhini. Kwa Kiwiradjuri, anaeleza babu, ni kile unachokitoa wewe. Niliifunga riwaya nikatoka nje kutembea.

Sitaki mtu adhani kwamba taaluma hii ni vilio tu. Kuna kisa cha Ern Malley, ambacho kila mwanafunzi wa huko hukutana nacho, na nashangaa hakijawahi kusimuliwa vizuri kwa Kiswahili. Mwaka 1943, vitani, washairi wawili waliokuwa jeshini Melbourne, James McAuley na Harold Stewart, walichoshwa na mashairi ya kisasa yasiyoeleweka. Wakaunda mtu: Ern Malley, makanika wa magari, amefariki na miaka 25, ameacha mashairi kati ya vitu vyake. Walidai waliyatunga yote kwa alasiri moja, wakiokota mistari kwenye kamusi, kwa Shakespeare na katika ripoti ya Wamarekani ya kukausha mazalia ya mbu. Ndiyo, mbu. Shairi moja linaanza na vinamasi na maji yaliyotuama, kama bango la kampeni ya malaria. Wakayatuma, kwa jina la "dada wa marehemu", kwa Max Harris wa Adelaide, kijana mhariri wa jarida la Angry Penguins. Harris akaona amepata almasi, akayatolea toleo zima 1944.

Siri ikafichuka, kijana akachekwa nchi nzima. Kisha polisi nao wakaingia: mashairi yana matusi! Mpelelezi mmoja alitoa ushahidi mahakamani kwamba shairi linalotaja bustani usiku lina uchafu, kwa sababu kwa uzoefu wake watu waendao bustanini usiku hawaendi kwa wema. Harris akatozwa faini ya pauni 5. Na sasa? Ern Malley, mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, anasomwa na kuandikiwa tasnifu kuliko mashairi mengi ya dhati ya waliomtunga. Nilipokisoma niliwaona wazee wetu wa vina na mizani wakigombana na vijana wa mashairi huru miaka ya sabini. Ni bahati tu hakuna aliyewaza kutumia ripoti ya mbu.

Ila kicheko kile kiliniacha na kitu. Washairi wawili walimtunga mshairi asiyekuwepo, na wasomi wakaamini. Miaka ishirini baadaye mwanamke aliyekuwepo, mwenye jina na kisiwa chake, akatoa kitabu chake, na wahakiki wengine wakasema huo si ushairi bali propaganda, wengine wakatia shaka kama kweli ameandika yeye. Aliyesimama naye ni Judith Wright, mshairi mwenye jina kubwa, ndiye aliyeusoma mswada kwa niaba ya Jacaranda Press na kusema uchapishwe. Urafiki wao ulidumu maisha yote. Makaratasi ya Oodgeroo yapo Brisbane, maktaba ya Fryer. Unaingia na penseli tu, kalamu ya wino inabaki mlangoni pamoja na begi.

Mimi nilijaribiwa na "sisi" kwa upande mwingine pia. Mwaka 1944 huohuo, mwanajeshi mmoja aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa, ardhi ya Wayolngu, wenyeji wa huko. Kati yake tano zilikuja kutambuliwa kuwa za usultani wa Kilwa. Zilifikaje huko, wataalamu wanabishana mpaka leo. Mtu wa pwani akisikia habari hii kifua kinapanda, na mimi kilipanda: sisi tulifika kabla ya Cook, yule nahodha wa Waingereza! Nikaandika kurasa nne za moto. Shangazi alizisoma, akauliza swali moja tu: "Na hao waliokuwa wamesimama ufukweni, wanawaona mnakuja, wako ukurasa wa ngapi?" Nikazifuta.

Tarehe 14 Oktoba 2023, Jumamosi, walipiga kura ya maoni: katiba iwatambue wenyeji asilia kwa kuwaundia chombo cha kulishauri bunge. Takriban asilimia 60 walisema hapana. Mwaka 1967, katika kura nyingine ya kubadili katiba kuhusu Waaborijini, ambayo Oodgeroo mwenyewe aliizungukia kampeni, zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo. Jumatatu nilikwenda darasani. Mijakaranda ilikuwa imeanza kuchanua, zambarau kote, kama Arusha, na hiyo huko ni ishara kwamba mitihani iko mlangoni. Darasani hakuna aliyeongea. Msimamizi wangu alilisoma shairi lile mara moja kwa sauti, kuanzia "wao", na alipofika kwenye "sisi" alisita. Yeye ni Mzungu. Akamaliza kwa macho tu, sisi tukimtazama.

Wiki ya pili yake nilipanda feri ya Cleveland kwenda Minjerribah, na Shangazi. Upepo ulikuwa mkali, akajifunika kitenge nilichompa. Akaniambia nimsomee nilichonacho, nisieleze chochote, nisome tu. Nikasoma. Kwa mstari wa mwisho nilikuwa na matoleo matatu. "Tunaondoka", ambayo ni ya abiria. "Tunatoweka", ambayo inawazika watu wakiwa hai, na yeye ameketi mbele yangu anakula tufaha. Na "twenda zetu", ya watu wa pwani, niliyoiogopa kwa sababu asemaye "twenda zetu" hafukuzwi, anajiondokea kwa hiari, pengine na msonyo juu.

"Neno la sisi liko wapi hapo?" aliuliza.

Nikamwonyesha: ni hiyo sauti ya mwanzo, imegandana na kitenzi. Ukiitoa, kitenzi hakisemeki. Akataka nirudie. Nikarudia: twenda zetu. Na hiyo ya mwisho? Hiyo nayo ni ya kwetu, nikasema, lakini haisemi kitu gani ni chetu. Wengine husema ni njia. Akatafuna tufaha lake. "Sisi mbele na sisi nyuma," akasema. "Hiyo usiiguse."

Sikuigusa. Tasnifu ilipita, kwa masahihisho. Tafsiri yenyewe sijaichapisha, na hapa siiweki. Mshairi alifariki 1993, na kwa sheria ya Australia hakimiliki huishi miaka 70 baada ya kifo, maana yake mpaka mwisho wa 2063, na juu ya sheria kuna ukoo. Barua ya kuomba ruhusa nimeandika. Wakati nangoja, ukitaka kuisoma nchi ile, hazina ya Trove ya maktaba yao ya taifa iko wazi bure. Nimefungua magazeti ya 1964 kwa simu nikiwa kwenye daladala ya Raskazone.

Mwaka huu nimewapa kidato cha nne mstari ule mmoja waufasiri, bila kuwaambia ni wa nani. Daftari thelathini na nane, na karibu zote "tunakwenda". Msichana mmoja wa nyuma, ambaye insha zake huwa na makosa ya tahajia kila mstari, aliandika: "Twende zetu."

Twende, si twenda. Irabu moja. Hiyo huwezi kumwambia mtu unayemwacha. Unamwambia unayeondoka naye. Nilikuwa nimeshaizungushia kalamu nyekundu.